Petisio ya kumutosha konseye wetu: mbele ya kusinya, tusome kwanza

Papa Mhariri,

Jambo sana, na jambo kwa wote wenye kusoma gazeti hii hapa Lubumbashi. Naomba nafasi juu ya ile karatasi yenye iko inazunguka mu kartye yetu, petisio ya kumutosha konseye, mujumbe wa baraza la komini. Jina yake sitaandika, na jina ya komini nayo nitaiacha, Lubumbashi iko na komini 7 na musomaji wa kila moja atasema ni ya kwao, na pengine hatakosea. Mimi niko na mashini ya fotokopi pembeni ya soko. Ile karatasi wameifotokopisha kwangu, njo maana naijua kuliko wengi wenye wameisinya, maana watu wanasinya wakisimama, mukono moja iko na kalamu na ingine iko na sashe ya unga, hawasomi, wanauliza tu "ni juu ya kumutosha yule?" na wakisikia ndiyo wanatia jina.

Nianze na hii ili watu wasinirukie: hasira ni ya haki. Tulimuchagua 20 desemba 2023, ile siku ya kura ine kwa mara moja, ya Rais, ya depite wa taifa, ya depite wa province na ya konseye wa komini, na hii ya mwisho ilikuwa ni mara ya kwanza tangu katiba ya 2006. Miaka 17 tulikuwa tunaambiwa uchaguzi wa chini utakuja, utakuja. Basi watu walifurahi, wakasema sasa tutakuwa na mutu wa karibu, mwenye tunajua mulango wake, si kama depite mwenye anapanda ndege kwenda Kinshasa na sura yake tunaionaka tena ku kampanye. Na huyu wetu alipita parseli kwa parseli, alikula bukari na watu, alisema mutaro wa barabara yetu njo itakuwa kazi ya kwanza. Mutaro ulichimbwa nusu, wakauacha, mvua ikarudisha udongo yote ndani, na ile maji yenye zamani ilikuwa inapita zake barabarani leo inaingia mu manyumba ya watu wa chini, ba mama wanaamuka usiku kuinua magodoro. Soko nayo, asubuhi anapita mutu na kitabu ya risiti, saa sita anapita mwingine na kitabu ya rangi ingine, ba mama wa mboga wanalipa mara mbili na hakuna wa kuwaeleza kama ile makuta inaenda ku komini ao inaenda wapi. Mutu wa kuuliza ni konseye. Konseye alihama kartye. Telefone yake inalia mpaka inachoka.

Kwa hiyo mwenye kusema hii petisio ni fujo ya ba jeune wenye hawana kazi, huyo hajalala hata usiku moja kwetu wakati wa mvua.

Lakini ile karatasi yenyewe sasa. Juu kabisa wameandika kwamba wakaaji wa kartye wanamutosha konseye "kwa jina ya artikele 64 ya katiba". Artikele 64, ndugu zangu! Siku hizi mu Kongo hii mutu akigombana na mwenye nyumba juu ya garanti anataja artikele 64. Ile artikele inasema kila Mukongomani anapashwa kumupinga mutu ao kikundi yenye inakamata mamlaka kwa nguvu ao inaitumikisha kwa kuvunja katiba. Konseye wetu hakukamata kitu kwa nguvu, sisi wenyewe njo tulimupatia, kwa kidole, ku ekrani ya mashini ya kuvoti. Kuacha mutaro nusu ni zarau, ni uvivu, pengine chini yake kuna wizi, lakini si kupindua serikali. Kama ilikuwa ni kutafuta artikele yoyote tu, wangetia ile artikele 15 ya mu barabara, si ile ya mu katiba, yenye Wakongomani wote wanaijua, ya kila mutu ajitafutie, ingefaa zaidi.

Chini yake wametia artikele 5, na hii afazali, inasema mamlaka yote inatoka kwa raia. Sawa. Ila usome mpaka mwisho: raia anaitumikisha mwenyewe kwa referandume ao kwa uchaguzi, na kwa njia ya wale wenye aliwachagua. Kumurudisha mutu nyumbani katikati ya manda haimo. Na kwa depite wa taifa katiba imefunga mulango na funguo, artikele 101 inasema depite anawakilisha taifa nzima na kila manda ya kumuamurisha ni bure, yaani hata tukimuandikisha mbele ya noteri kwamba atafanya hii na ile, akifika Palais du Peuple, nyumba ya bunge kule Kinshasa, ile karatasi ni ya kufungia karanga. Kisha enda ku artikele 110, njo kule wameandika namna depite anapoteza kiti. Manda ikiisha. Akikufa. Akijiuzulu. Akihukumiwa mwisho mwisho kwa kosa ya kusudi. Akikamata kazi yenye haipatani na ya bunge. Akikosa bila ruhusa na bila sababu zaidi ya robo ya vikao vya sesio moja. Akiacha chama chake kwa kupenda kwake. Angalia vizuri hiyo liste, nani hayumo? Mwenye kupiga kura hayumo. Ukikosana na chama chako unapoteza kiti, ukikosana na watu wote toka Katuba mpaka Ruashi unabaki umekaa.

Na kitu yenye inaniuma kabisa ni hii ifuatayo, na ningependa ba jeune wa petisio waisome pole pole. Wakubwa petisio wanaijua, na kwao iko na meno. 10 desemba 2020 madepite walimutosha Jeanine Mabunda ku kiti ya prezida wa bunge la taifa kwa petisio, 281 wakasema atoke, 200 wakasema abaki, siku chache nyuma walikuwa wamerushiana viti mule ndani na inchi nzima ikaona ku telefone. Haikupita miezi mbili, 27 januari 2021, wakapiga mosio juu ya waziri mukuu Sylvestre Ilunga, mutoto wa Katanga hapa, sauti 367, akaenda. Mwaka hiyo hiyo kule Kolwezi madepite wa Lualaba wakapiga mosio juu ya guvernere Richard Muyej. Septemba 2025 petisio ingine, mara hii juu ya Vital Kamerhe, prezida wa bunge wa wakati ule, na yeye tarehe 22 akajiuzulu mwenyewe mbele kura haijapigwa. Basi kutoshana katikati ya manda si kitu ya ajabu mu Kongo, hawa watu wanajua kusinya, wanajua kuhesabu sauti, wakitaka inaisha mu juma moja. Lakini ni wao kwa wao. Yule mwenye alisimama ku jua kumupigia kura, petisio yake haina nguvu ya kumutosha hata konseye wa mwisho mu komini ya mwisho. Wakati wa matokeo tulionaka pia CENI, tume ya uchaguzi, 5 januari 2024, ikafuta wagombea 82 juu ya udanganyifu, wa bunge la taifa, wa province na wa komini, kwa karatasi moja tu. Kutoka juu inawezekana, kutoka pembeni inawezekana, kutoka chini njo hapana.

Mutasema niko natetea konseye. Kuna mutu ameshasema hivyo mbele ya kioske yangu, na nguvu yote. Hapana. Mimi nataka aulizwe maneno yenye atashindwa kujibu, na hii karatasi iko inamupatia njia ya kuponyoka: atawapelekea avoka, avoka atasoma mistari mbili, atasema hakuna sheria ya kumutosha konseye kwa sinyatire za kartye, na hapo hapo maneno ya mutaro na ya risiti za soko yataisha, tutaonekana sisi njo hatujui sheria na yeye atatoka kama mutu mwenye alionewa.

Tena tuseme bila kuzunguka, mwenye kuongoza hii petisio aligombea ile kiti 2023 na akaanguka. Si zambi, kila mutu eko na haki. Lakini ninamuuliza mbele ya wasomaji: tuseme konseye anatoka kesho asubuhi, wewe unafikiri nani anaingia? Kwetu mutu akitoka hatupigi kura mupya, anaingia supleya, yule mwenye aliandikwa nyuma yake ku liste. Tuliona kwa madepite wenye walienda kuwa mawaziri 2024, supleya wakaingia mu bunge, na mara mingi supleya ni bibi, ni mutoto, ni mudogo wa tumbo moja. Nani kati yetu alisoma jina la supleya wa konseye wetu siku ile ya kupiga kura? Mimi sikusikia hata mutu mumoja akiitaja. Kumbe tunaweza kutoa jasho, kufotokopisha karatasi mpaka wino inaisha, na kiti ikabaki mu nyumba ile ile, ku meza ile ile ya kulia.

Vijana wananiambia: yaya, kwa wengine inafanyika, tumeiona. Ndiyo inafanyika. California kule Marekani, 7 oktoba 2003, watu walimutosha guvernere Gray Davis mu kura na wakatia Arnold Schwarzenegger, yule wa mafilme ya bunduki. Mwaka 2021 wakajaribu tena na guvernere Gavin Newsom, sinyatire zikatosha, kura ikapigwa septemba, na watu wengi, karibu 62 kwa 100, wakasema abaki, akabaki. Muone hapo: kule sinyatire hazimuondoe mutu. Sinyatire zinaitisha kura, na kura njo inaamua. Hiyo inatofautiana kabisa na karatasi yetu yenye inasema "tunamutosha" kana kwamba sisi wenye tulipita karibu na soko siku ile njo kartye nzima. Na wale wenye hawakusinya? Kuna watu wenye wanamupenda yule konseye, hata mimi nashangaa lakini wako, na kura yao ya 2023 haina uzito ndogo kuliko yangu.

Na Kenya pia, nasema inchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, watu wasicheke. Katiba yao ya 2010, artikele 104, inasema wapigakura wako na haki ya kumurudisha mbunge mbele muda wake haujaisha. Muzuri sana. Ila sheria ya kuonyesha njia, nani aliiandika? Wabunge. Wakatia kwamba ungojee miezi 24 kisha uchaguzi, na usiguse miezi 12 ya mwisho, na upate 30 kwa 100 ya wote wenye kuandikwa kupiga kura mule, na mbele ya yote uende kortini kwanza. Mwaka 2017 korti kuu kule Nairobi ikasema vifungu kazaa vya sheria hiyo vinavunja katiba. Ukimuachia mutu aandike sheria ya kujifukuza yeye mwenyewe, ataiandika kwa penseli.

Sasa nakuja ku kitu yenye inaniogopesha mu ile karatasi, na hapa sichezi. Kuna safu ya jina, safu ya avenie, safu ya sinyatire, na safu ya namba ya karte ya uchaguzi. Ile karte tuliipata mwanzo wa 2023, zingine maandishi ilishafutika zamani, sura imebaki kivuli, lakini njo kitambulisho yenye tuko nayo, unaionyesha ku banki, unaionyesha kununua namba ya telefone, unaionyesha polisi akikusimamisha usiku. Na sisi tunaandika jina na avenie na namba ya karte ku karatasi moja, tunamupatia mutu wa siasa, hatujui ataiweka wapi, hatujui kesho ataisomesha nani. Mu chumba yangu nimeona ma page yenye watu wanane wameandikwa na mukono moja, mwandiko ni ule ule, hata wa kufa wako mule. Hizo sinyatire zikifika mbele ya mutu mwenye anaangalia vizuri, zitaangusha na zile za kweli.

Basi tufanye nini? Nasema tuache kichwa ya ile karatasi, tubaki na watu. Katiba iko na artikele 27, fupi tu, haitajwi ku mikutano juu haina kelele. Inasema kila Mukongomani eko na haki ya kupelekea mamlaka ya serikali petisio, yeye peke yake ao pamoja na wengine, na ile mamlaka inapashwa kujibu mu miezi tatu. Na inasema mutu hawezi kushitakiwa, kwa namna yoyote, juu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo shefu wa kartye mwenye alipita akisema wenye kusinya "watafuatwa", aambiwe kwa heshima yote, papa shefu, soma artikele 27. Na haiombi namba ya karte. Jina, sinyatire, basi.

Hiyo karatasi mupya haitasema tunamutosha. Itaenda kwa prezida wa baraza la komini, kopi kwa burgumestre, mukubwa wa komini, kopi kwa guvernere maana yeye njo eko na jicho juu ya makomini, na kila kopi irudi na kashe na tarehe ya kupokelewa, bila kashe musitoke mule biro hata wakiwaambia mungojee mpaka jioni, kukiwa hakuna kashe miezi tatu haijaanza kuhesabiwa. Ndani tuombe kwanza kitabu ya wenye kuhuzuria vikao, baraza ilikaa mara ngapi, huyu wetu alikuwako mara ngapi. Kwa madepite katiba inasema robo ya vikao vya sesio moja, basi na sisi tupime na kipimo hiyo hiyo, na kama mutu wetu hajaonekana huko, hapo tutakuwa na kitu mukononi chenye avoka yake hataweza kucheka.

Kisha tuombe hesabu ya makuta. Hapa njo penye uzito, na nashangaa ile petisio ya kwanza haisemi hata neno moja juu ya bajeti. Komini si ombaomba. Katiba inasema 40 kwa 100 ya mapato ya taifa ni ya ma province, na sheria ya 2008 juu ya komini, ma sekta na ma sheferi inasema 40 kwa 100 ya ile fungu ya province inashuka mpaka kwao. Kila mutu anajua haifikaka nzima, lakini ile yenye inafika iandikwe. Juu yake kuna kodi ya soko, ile ya vitabu mbili vya rangi mbili. Na sisi tuko Haut-Katanga, chini ya miguu yetu ni shaba na kobalti, kodi ya mine ambayo code minier ya 2018 inaigawa hivi: 50 kwa 100 ya serikali ya Kinshasa, 25 ya province, 15 ya komini ao sheferi yenye mine iko ndani yake, na 10 ya mufuko ya vizazi vya kesho. Sasa je, komini yetu iko na fungu mule ao haina? Kama haina, waandike haina. Kama iko nayo, mutaro wenye haukufika mwisho unagharimu nini mbele ya makuta kama hiyo?

Kisha ya tatu, baraza liseme kama mutaro wetu ulipita ku kikao hata siku moja, nani aliuliza, nani alijibu nini. Kama konseye hakuufungulia kinywa hata mara moja, tutajua. Kama aliuliza na burgumestre akakataa, tutajua pia, na hapo hasira itaenda kwa mwenye kuistahili.

Najua jibu yenye iko inakuja. Watasema wakonseye hawalipwi vizuri. Ni kweli, tulisikia malalamiko yao toka Kinshasa mpaka huku, wamechaguliwa na mishahara haionekani. Tena walipashwa wao njo wachague burgumestre, na wachague baraza la muji lenye lingechagua meya, ile ilicheleweshwa na wakubwa wa komini wakaendelea kuteuliwa kutoka juu, kwa hiyo konseye amekaa mbele ya burgumestre mwenye hamuogopi juu si yeye alimutia. Sawa kabisa, nakubali, mimi mwenyewe nikiwa pale ningelia. Sasa aandike hivyo! Aandike, tulikaa mara hizi, tuliomba bajeti hatukupewa, tuliomba hata karatasi ya kuandikia hatukupata. Kuandika barua ya page moja haiombi mushahara. Aje kwangu, nitamutolea bure.

Na kwa sababu nimetaja mashini yangu, kuna wenye watasema huyu anataka tuanze karatasi mupya ili alipwe fotokopi mara ya pili. Mupeleke kwa mwingine basi, avenie iko na mashini tatu, mimi nitaendelea na ma bilten ya watoto wa shule.

Miezi tatu ikipita bila jibu? Artikele 27 haina fimbo, hiyo ni kweli, haisemi mwenye kukataa kujibu atafanyiwa nini. Lakini karatasi yenye iko na kashe na tarehe ni kitu ingine, inaenda kwa madepite wetu wa province na wao wanaweza kumuuliza waziri wa province mwenye kushugulika na makomini, inaenda ku gazeti kama hii, na 2028 konseye akirudi parseli kwa parseli kula bukari ya watu, kila nyumba itakuwa na kopi.

Neno moja juu ya wakubwa wa Kinshasa, kisha naacha. Tangu Rais aongee Kisangani 23 oktoba 2024 juu ya katiba mupya, kila siku ni mabishano, manda ya Rais iwe namna gani, ibadilike ao isibadilike. Mimi hapa sisemi niko upande gani, hiyo ni barua ingine na pengine papa Mhariri hataichapisha. Nasema tu hivi: mu mabishano yote hayo sijasikia mukubwa hata mumoja, wa serikali ao wa upinzani, akisema kama tunaifungua ile kitabu basi tuandike mule namna raia anamurudisha nyumbani mutu mwenye alimuchagua. Hapo wote wako kimya, wamepatana bila kukaa mukutano. Na katiba ya sasa, artikele 218, inasema raia 100 000 wakisinya wanaweza kupelekea bunge petisio ya kubadilisha katiba yenyewe. Yaani sinyatire zetu ziko na nguvu ya kugusa katiba ya Jamhuri lakini hazina nguvu ya kumugusa konseye. Kama ba jeune wetu wako na miguu ya kutembea, hiyo njo barabara ya mbali yenye inafaa kutembelewa, waombe kifungu chenye kinasema sinyatire fulani zikipatikana kura inaitishwa, wote wapige, wenye kumupenda na wenye hawamupendi, na kiti ikibaki wazi isiende kwa bibi yake. Muji yenye iko na zaidi ya milioni ya watu haiwezi kukosa 100 000.

Lakini ya leo ni ya leo. Naomba mwenye kuongoza petisio ya kwanza arudishe zile ma page kwa wenye kuzisinya, avenie kwa avenie, ao azichome mbele ya watu siku ya posho ku terrain ya mupira, tuhesabu pamoja. Namba za karte zetu zisibaki mu sanduku ya mutu mwenye ataomba kura 2028.

Aksanti sana papa Mhariri.

Musomaji wenu, Lubumbashi